Kulwa Atoke, Doto Aamke

Bi Nyanzobe aliileta imefungwa khanga,
kompyuta ya ghala la dagaa, kutoka Mwaloni,
akaitua mezani kwangu kama mtoto mwenye homa
na harufu ya magunia ikaingia nayo.

"Inagonga," alisema,
"kama mtu aliyesahau ufunguo."
Nikatega sikio. Kweli: tak. Kimya. Tak.
Sahani ya diski imechoka,
sindano inalirudia neno lile lile
na neno limeanza kufutika.

Nikamwambia tununue diski mpya, tupande mfumo upya.
"Upya sitaki."
Programu ya mizani aliiweka kijana mmoja, Lugwisha,
aliyefuata dhahabu Geita akabadili namba.
Printa haimtii mwingine. Nywila imo humo humo, naye haijui,
vidole vyake ndivyo vinaijua.
Na kwenye kioo, binti yake siku ya kipaimara,
amefunikwa mafaili mpaka kidevuni:
MPYA. MPYA KABISA. YA MWISHO. YA MWISHO KWELI.
"Usinipangie. Nataka nikiwasha
nisijue kama kuna kilichotokea."

Tulipohamishwa Mabatini, barabara ilipopita jikoni kwetu,
mama alivipanga vyombo kule Buhongwa kama vilivyokaa,
hata ufagio, nyuma ya mlango, kichwa chini.
Usiku wa kwanza niliamka kunywa maji
nikaukumbatia ukuta
mahali palipokuwa na mlango miaka kumi na moja.

Nikaziunga diski mbili kwa kebo mbili.
Ya zamani nikaiita Kulwa, mpya nikaiita Doto.
Hapa hakuna kuchambua, hakuna kuuliza hili la nini:
sifuri kwa sifuri, moja kwa moja,
na takataka zake,
na risiti za mteja aliyekufa akidaiwa,
na nafasi tupu, nazo zihame zikiwa tupu.

Saa tatu usiku, asilimia arobaini.
Saa tano umeme ukakatika, betri ya akiba ikaanza kulia.
Nikazima feni. Nikazima taa. Nikazima redio katikati ya matangazo ya vifo.
Tukabaki mimi na ile namba.

Sabini na moja.
Tak.

Kulwa kagoma.
Nikamlaza juu ya saruji apoe, nikakaa naye chini
kwenye giza, mawe ya mlimani yakirudisha joto la mchana
na mbwa wa Igogo wakibishana na wa ng'ambo.
Hata jogoo wa kwanza alipowika nikamrudisha kwenye kebo,
tukaanzia tulipoachia.

Asubuhi, mia kamili.
Nikawasha. Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe:
hakuna pa kuamkia.

Ukuta ule nilikuwa naujua.
Pacha wawili ndani, alama moja, jina moja,
na mashine imesimama kizingitini haijui imwite nani.
Nikamtoa Kulwa.
Nikaingia chumba cha ndani kabisa, kile cha maandishi ya buluu,
nikaielekeza polepole, kama unavyomwelekeza mgeni:
mlango umehamia huku. Anza na huyu.

Ikafikiri.
Kisha kidevu cha yule binti.

Bi Nyanzobe alifika saa nne, akaketi, hakutazama vitufe.
Vidole vikaandika. Printa ikapiga kelele zake,
ikatema karatasi ya magunia thelathini ya Kongo.
"Sasa umefanya nini?" akauliza. "Mbona ni ile ile?"
Akakata elfu kumi kwenye bei.
Nikapokea bila ubishi.

Kulwa yuko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu.
Naye ana yule binti, naye anaikumbuka nywila.
Sijamfuta.
Mama naye, mpaka leo, umeme ukikatika,
hunyoosha mkono wa kushoto kwanza
kutafuta kibiriti kwenye dirisha la Mabatini.